Kiti Kilichokuwa Taruma

Leo kompyuta tuiweke kando kidogo (msiwe na wasiwasi, tutaigusa njiani). Nataka tuzungumze kuhusu kung'oa viti. Si viti vya sebuleni, la. Ni vile viti virefu vya mbao vinavyojengewa ndani ya chumba cha boti ya matanga, ambavyo mchana ni vya kukalia na usiku ni vya kulalia.

Mjomba wangu alinunua boti kuukuu ya faiba, futi 32, iliyoundwa Uingereza miaka ya 1970. Ametia humo karibu akiba yake yote ya kustaafu, akitumaini kuwatembeza wageni kutoka Kilifi. Boti ikapandishwa nchi kavu wakati wa maji ya bamvua, ikakalishwa juu ya magogo na kuegemezwa kwa nguzo pande zote mbili. Ndani kulikuwa na harufu ya ukungu, na plaiwudi ya viti ilikuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Agizo la Mjomba lilikuwa fupi: "Viti vyote ng'oa. Nataka kitanda kipana cha wageni."

Tukamwita fundi mmoja mzee aliyezoea kuunda majahazi. Akaingia, akainama, akatazama huku na huku, kisha akauliza jambo moja tu: "Mataruma yake yako wapi?"

Swali zuri sana hilo. Ndani ya jahazi mataruma unayaona kwa macho, yamepangwa kama mbavu za ng'ombe, yakizishika mbao za ubavuni. Boti ya faiba ya aina hii karibu haina mbavu hizo. Ganda lake ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, na bila kitu cha kulikaza kwa ndani hubonyea. Kwa hiyo waundaji walitumia ujanja: viambaza, kabati na mbao za mbele za viti viligandishwa moja kwa moja kwenye ganda kwa vipande vya kitambaa cha nyuzi za kioo. Fundi akaugonga ubao wa mbele wa kiti kwa kidole, akaniambia, "Mwanangu, hiki unachokiita kiti ndicho taruma lenyewe."

Wenzangu wa programu mnaijua hali hii. Unarithi msimbo wa zamani usio na maelezo yoyote, unakuta kipande kinachofanana na pambo tu, unakifuta... na mahali pengine kabisa mfumo unaanguka.

Basi tukapanga kazi. Kwa atakayejaribu, utaratibu wetu ulikuwa huu:

1. Legeza kwanza waya zinazoushika mlingoti. Zikikazwa huvuta mbavu za boti kwenda juu, na ukiondoa kilichokuwa kikizishika ndani, umbo linaweza kupinda.

2. Piga picha kila pembe, kisha andika namba nyuma ya kila ubao. Mimi niliziweka zote kwenye jedwali: namba, mahali, idadi ya skrubu, hali ya mbao.

3. Tafuta skrubu zilizofichwa chini ya vizibo vidogo vya mbao. Toboa tundu dogo katikati ya kizibo, ingiza skrubu nyingine, izungushe. Ikigota kwenye kichwa cha ile ya chini, kizibo kinapanda chenyewe.

4. Chungulia nyuma kabla ya kukata. Chini ya kiti chetu mlipita waya za umeme, bomba la maji, na palikuwa na tangi la lita 100. Likijaa ni kilo 100 upande mmoja, kwa hiyo ukilihamisha ovyo boti italala upande.

5. Vaa barakoa nzuri, miwani na mikono mirefu. Vumbi la faiba linawasha mwili na ni baya kwa mapafu.

Nikaongeza jambo moja la kwetu sisi watu wa programu, yaani jaribio. Nilikata ufito ukaenea sawasawa kutoka ubavu mmoja wa ndani hadi wa pili, uingie kwa kuteleza tu. Kila tukiondoa kitu, tunaurudisha ufito. Tulipokata sehemu iliyooza ya ubao wa mbele, urefu wa mkono mmoja hivi, ufito ukakataa kuingia. Nguzo za nje zilikuwa tayari zimeanza kulisukuma ganda ndani!

Mjomba akautazama ule ufito kimya. Kisha akaanza kubishana: wageni watalala wapi, boti ngapi amewahi kuziona zina kitanda kipana, nani atalipa. Fundi hakupandisha sauti. "Bwana, nchi kavu imebonyea kwa nguzo. Huko nje na wimbi la kusi, na watu wa watu wamo ndani?" Hakuna aliyejibu.

Tukasukuma ganda kwa boriti mpaka ufito ukaingia tena. Baada ya hapo tulibadilisha ubao mmoja mmoja. Tunatoa kilichooza, tunaweka plaiwudi mpya ya baharini, tunaigandisha, inakauka, ndipo tunaenda kwa unaofuata. Tulitumia epoksi kwa sababu inashika faiba ya zamani vizuri kuliko resini ya kawaida. Kwa joto la Pwani tulichanganya kidogo kidogo alfajiri, maana ukikoroga kopo zima linachemka na kuganda mkononi. Chanzo cha uozo nacho tulikipata: maji ya mvua yaliyokuwa yakivuja dirishani. Maji ya mvua huozesha mbao haraka kuliko ya chumvi, kwa hiyo kabla ya mto wowote kurudi kitini, madirisha yalizibwa upya.

Gharama? Kazi iliyopangiwa wiki 2 ilikula wiki 7, kaskazi ikaisha boti ikiwa bado juu ya magogo, na Mjomba akakosa msimu mzima wa wageni. Kitanda kipana hakipo. Vipo viti vile vile, umbo lile lile, na kwa wiki kadhaa alikuwa akiniita "mhandisi wa kurudisha vitu vilipokuwa" (hakuwa akinisifu).

Lakini jedwali langu amelichapisha, ameliweka ndani ya mfuko wa plastiki na kulibandika ndani ya kabati la boti. Mbele ya namba ya kila ubao wa mbele ameandika kwa mkono wake: TARUMA, USIKATE. Atakayeirithi boti hiyo miaka 30 ijayo atakuta maelezo, jambo ambalo wengi wetu hatuwaachii wanaorithi programu zetu.

Haya, tukutane wiki ijayo. Kompyuta itarudi, naahidi.