Meza ya Halali Mjini Seoul

Katika mambo yamtiayo fikira msafiri Mwislamu tangu hajatoka kwake, jambo la chakula ni la mwanzo. Mahali pa kulala hupatikana kwa fedha, na kibla hujulikana kwa dira. Lakini kilichomo ndani ya chungu cha watu wengine hakijulikani illa kwa kuuliza. Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za chakula tulichokula katika mkahawa mdogo mjini Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini. Kwani wako vijana wetu wa Afrika ya Mashariki waendao huko kusoma, na wazee wao hubaki nyumbani wakijiuliza: Je, mtoto wetu hula nini?

Uislamu si mgeni kabisa katika pande zile. Ibn Khurdadhbih, mwandishi wa karne ya 9, aliitaja nchi ya Silla, nayo ndiyo Korea ya zamani. Lakini jumuiya iliyoko leo ilianza kwa askari wa Kituruki waliokwenda kupigana katika vita vya Korea vya 1950 hadi 1953. Maimamu wao waliwasalisha, na baadhi ya Wakorea wakavutwa na mwenendo wao, wakasilimu, na mwaka 1955 wakaunda chama chao. Baadaye serikali ikatoa kiwanja, nchi za Kiislamu zikasaidia kwa mali, na mwaka 1976 ukafunguliwa Msikiti Mkuu wa Seoul, wenye kuba na minara miwili, juu ya kilima cha Itaewon.

Mwenye kuuendea msikiti huo kutoka kituo cha gari la moshi la chini ya ardhi hupanda njia ya mlima. Huko chini kuna vilabu vya ulevi na muziki; lakini kila apandapo mambo hubadilika: huona mabucha ya nyama ya halali, maduka ya tende na mchele, na mikahawa ya Waturuki, Waarabu na Wahindi. Ajabu ni kwamba mgeni aweza kula biriani mahali hapo kwa urahisi, lakini chakula cha Kikorea chenyewe, cha halali, hana budi akitafute. Sisi tulikitafuta baada ya sala ya Ijumaa, tukakipata katika chumba kidogo chenye meza sita tu.

Mpishi wake ni mama wa makamo. Wageni wote humwita "imo", na maana yake ni mama mdogo, dada wa mama; ndiyo desturi ya Wakorea katika mikahawa midogo. Tulipomsikia kila mtu akimwita hivyo, mara ugeni ulitupungua.

Kabla ya chakula chenyewe meza ilijaa vijisahani: figili, mchicha uliotiwa mafuta ya ufuta, tofu, mwani, na kimchi. Vijisahani hivi havilipiwi mbali, na vikiisha huongezwa. Mwani ulitukumbusha wanawake wa Paje na Jambiani waulimao ufukweni. Aina si moja, lakini ni neema ya bahari ileile. Huko mwani hupikwa mchuzi akapewa mzazi aliyejifungua, na kila mtu huunywa siku aliyozaliwa kwa kumkumbuka mama yake.

Ama kimchi, hiyo haikosekani mezani. Ni kabichi iliyokolezwa chumvi, ikapakwa pilipili, kitunguu thomu, tangawizi na aghalabu uduvi au maji ya samaki, kisha ikawekwa ichachuke. Majira ya baridi yakikaribia, jamaa na majirani hukusanyika waitengeneze kwa pamoja na kugawiana; na desturi hiyo iliingizwa na UNESCO katika urithi wa wanadamu mwaka 2013. Baada yake tuliletewa wali wa kunata, nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba na kuungwa kwa maji ya soya, na mchuzi wa kimchi uliokuwa ukichemka bado katika chungu. Kinywaji kilikuwa chai ya shayiri, isiyo na ulevi wowote.

Adabu zao mezani zingewapendeza wazee wetu. Mdogo hanyanyui kijiko mpaka mkubwa aanze, na kitu hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili.

Karibu nasi aliketi kijana wa Kikorea aliyesilimu, akatusimulia habari yake. Mchuzi ule wa kimchi, alisema, majumbani mwengi hupikwa kwa nyama ya nguruwe, na hivyo ndivyo alivyokuwa akiupika mama yake. Siku aliyomwambia kwamba hataula tena, mama alilia, akasema: "Basi umetuacha na sisi." Kazini nako wenzake hukutana jioni kwa nguruwe na pombe, na asiyekaa nao huonekana amejitenga. Mwaka mzima hakula na mama yake. Kisha akaja katika mkahawa huu, akaonja mchuzi uleule, uliopikwa kwa jodari badala ya nguruwe. Akamwomba imo amfundishe, akanunua sufuria mpya, akaenda nayo kwao. Mama yake alipika, akaonja, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ni mchuzi wangu." Siku hiyo walikula pamoja.

Habari hii ilitufikirisha kuliko utamu wa chakula. Wengi wetu twadhani kwamba mtu akisilimu lazima avae kama sisi na ale kama sisi. Lakini biriani yetu na sambusa zetu zilitufikia kutoka ng'ambo. Si nguzo za dini. Imesihi katika hadithi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwekewa dhabb, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, asimle. Akaeleza kwamba si haramu, bali hapatikani katika nchi ya watu wake. Khalid bin Walid akamla mbele yake, wala hakumkataza. Basi tazameni tofauti baina ya kilichoharimishwa na kisichozoeleka. Uislamu humkataza mtu nguruwe na ulevi, lakini haumnyang'anyi chakula cha mama yake.

Na jambo hili si la Korea tu. Huku kwetu wako ndugu waliosilimu ambao jamaa zao bado hawajasilimu. Tusiwacheke kwa vyakula vyao, wala tusiwafanye waone haya kwa walikotoka. Tuwasaidie kujua lipi la kuacha na lipi la kubakisha, ili wapate kuunga udugu wao.

Kwa vijana watakaokwenda huko, twaongeza nasaha. Mkahawa kuandika kwamba hauna nguruwe hakutoshi. Ng'ombe na kuku nao wataka kuchinjwa kisharia. Tafuteni shahada ya Jumuiya ya Waislamu wa Korea, na isipokuwapo, samaki na mboga zina njia nyepesi zaidi. Hata hivyo ulizeni, kwani mchuzi wa mboga huweza kutiwa maji ya nyama, na baadhi ya maji ya soya na rojo za pilipili za viwandani hutiwa kileo ili zisiharibike. Someni yaliyoandikwa juu ya chupa, au mpate mwenyeji awasomee.

Tena ulizeni kwa upole. Wahenga walisema, ukenda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho; lakini katika haramu Mwislamu havunji jicho, wala hana haja ya kuwatukana wenye chongo. Huyo imo alitujibu kila tuliloliuliza bila ya kuchoka, akatuletea na chupa zake tuzione. Mzee mwenye mtoto katika nchi ile na amfundishe kuuliza hivyo, kisha amwachie Mungu.