Inawaka, Lakini Si Nzima

Haya wadau, leo siasa kando kidogo. Siku nne mfululizo nimekuwa napambana na kompyuta ya nyumbani, na kwa kuwa najua wengi wenu mna mashine kuukuu mnazotaka kuziongezea uhai, acha niwasimulie.

Mashine yangu ni ya mezani, ya mtumba, ina prosesa ya Core i3 ya kizazi cha pili, zile zilizotoka 2011. Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za umri huo, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, kwa hiyo nilishahamia Linux zamani na sina malalamiko. Tatizo lilikuwa memori. GB 2 siku hizi si kitu. Fungua kurasa tano za intaneti, weka na programu ya kuhariri sauti, mashine inaanza kuhema kama daladala bovu lililojaza. (Vitabuni memori inaitwa "kumbukumbu", lakini nenda Kariakoo uulizie kumbukumbu za kompyuta uone utakavyotazamwa.)

Nikanunua vipande viwili vya GB 4, DDR3, shilingi 60,000 vyote. Muuzaji nikamwomba aandike kwenye risiti kwamba nikivikuta vibovu ndani ya wiki moja nitavirudisha. Akacheka, akaandika. Kwa wanaotaka kujaribu: DDR2 na DDR3 zote zina pini 240, ila lile pengo la katikati haliko mahali pamoja. Ukiona kipande hakiingii, usisukume, si cha mashine yako.

Nikachomoa waya wa umeme, nikashika chuma cha kasha ili umeme tuli uniishe mikononi, nikachomeka mpaka vishikio vya pembeni vikalia ka. Kuwasha, kimya kwenye skrini, halafu mlio mrefu unaojirudia, piii, piii. Huo mlio ndio mashine inavyosema "sioni memori". Lilikuwa vumbi la Dar tu kwenye nafasi za kuchomekea. Nikapuliza kwa pampu, nikasugua pini kwa kifutio cha penseli, zikang'aa, nikarudisha. Ikawaka. GB 8 zote zikaonekana. Ningeishia hapo posti hii isingekuwepo.

Siku ya pili nikiwa nahariri mahojiano, programu ikajifunga yenyewe. Nikafungua, ikajifunga tena. Baadaye mashine yote ikaganda. Nikawauliza washkaji wawili wanaojiita mafundi na wote wakanipa jibu moja, lile la nchi nzima: "Hivyo ni virusi, piga Windows upya." Nikawaambia mashine haina Windows. "Basi piga hiyo uliyonayo upya."

Jamani, mimi kazini nikiambiwa jambo nauliza umejuaje. Kilichobadilika kwenye mashine hii ni kimoja tu, memori. Kwa nini nianze kumshtaki mwingine?

Kuna programu ya bure inaitwa Memtest86+. Unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia hiyo flashi, na inafanya kazi bila kuhitaji Windows wala Linux. Inachofanya ni rahisi kueleza: inaandika mpangilio wa sifuri na moja kwenye kila kona ya memori, kisha inasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Kikitofautiana, mstari mwekundu. Kwa muda mrefu mistari haikuonekana, nikaanza kuwaonea aibu wale mafundi. Karibu dakika ya arobaini ikaja, mmoja, miwili, ikajaa.

Hapo bado hujui mbaya ni nani. Nikatoa vyote, nikaweka kimoja peke yake, nikapima. Safi. Nikakitoa, nikaweka cha pili kwenye nafasi ileile. Nyekundu. Nikakihamishia nafasi nyingine, nyekundu tena. Ubaya ulikuwa unahama na kipande, kwa hiyo bodi haina kosa.

Sasa sikilizeni kilichoninyima usingizi. Kipande kibovu hakikatai kazi. Kinakubali kila unachompa, kisha mara mojamoja kinakurudishia kitu tofauti na ulichokiweka. Memori za seva huwa na chipu za ziada za kugundua makosa kama hayo. Hizi zetu za mezani nyingi hazina. Na kwa siku mbili zile nilikuwa nimenakili humo mahojiano ya saa moja na dakika 20 na mzee mmoja mstaafu anayedai mafao yake. Kinasa sauti changu huwa sikifuti mpaka habari itoke gazetini, kwa hiyo nikalinganisha faili la kwenye kinasa na nakala ya kwenye kompyuta. Ukubwa uleule, hata baiti moja haikupungua. Lakini nilipoyapitisha yote mawili kwenye sha256sum, amri inayolipa faili alama yake kutokana na kila kilichomo, alama zikawa tofauti. Nikasikiliza. Karibu na pale mzee anapotaja kiasi anachodai, sauti inakwaruza na neno moja linamezwa.

Neno lenyewe ni tarakimu. Mzee yule amesubiri miaka, halafu mimi nije nimwandikie kiasi ambacho si chake? Nimefuta kila nilichohifadhi siku zile mbili, nikanakili upya, na kila takwimu nimeirudia kwenye daftari la mkono.

Jumamosi nikarudi dukani. Jamaa akakichomeka kipande kwenye mashine yake, ikawaka. "Si unaona, kaka? Inawaka!" Nikatoa flashi yangu nikamwomba tusubiri. Tukakaa, wateja wakiingia na kutoka, akanipa kiti, tukabishana Simba na Yanga. Ilipotokea mistari kulikuwa na watu watatu nyuma yetu, mmoja akauliza hiyo nyekundu ni nini. Jamaa akazima skrini haraka, akanipa kingine. Hicho nimekipima usiku kucha, hakina neno, na mashine inakwenda vizuri ajabu.

Ila wakati anatafuta hicho kingine nilimwona anakitupia kile kibovu kwenye droo ileile alikokitoa mwanzo. Nikamuuliza mbona anakirudisha humo.

"Kaka," akasema, "kuna mashine itakikubali tu."