Mpunga ghalani, droni kabatini

Katika nyumba inayoishi kwa kupiga video, habari ya kamera mpya huletwa usiku, watoto wakishalala. Baba anasema mteja wa mgodini sasa anataka picha za 4K na kamera iliyopo imepitwa na wakati. Mama anauliza swali moja tu: “Baba watoto, na ada?” Mazungumzo yanaishia hapo. Wiki mbili baadaye boksi linafika na basi la Dar es Salaam, na mama ndipo anajua kwamba uamuzi ulishafanyika.

Nyumba za namna hii zipo Shinyanga mjini, zipo Kahama, zipo Geita. Wengi wanawajua wenyewe kama “watu wa video za harusi”, lakini walio wazoefu siku hizi wamesajili kampuni, wana mhuri na ankara, na wateja wao wakubwa ni migodi, benki, halmashauri na mashirika. Harusi wamewaachia vijana.

Yupo mmoja mjini Shinyanga, mwanamume wa miaka arobaini na kidogo, mkewe ni mfanyabiashara wa mpunga. Yeye alianza akiwa mwanafunzi, kazi yake ikiwa kushika taa na kukunja waya nyuma ya mpiga video aliyebeba kamera ya kaseti begani. Tanzania Bara ilikuwa imepata televisheni juzi tu, mwaka 1994, na mtu kujiona kwenye kioo sebuleni kwake ilikuwa sherehe nyingine baada ya sherehe. Anachokikumbuka zaidi ni kwamba kamera ile haikubadilishwa. Bosi wake aliinunua mara moja, akasomesha nayo watoto.

Hilo si njozi za utotoni. Kaseti ya VHS ilitoka Japan mwaka 1976, na kiwanda cha mwisho kutengeneza deki zake, cha Funai, kilisimama Julai 2016. Ni miaka arobaini. Baada yake mambo yalikuja mbiombio: kaseti ndogo za dijitali, DVD, memori kadi. Mwaka 2008 Canon ilitoa 5D Mark II, kamera ya picha za mnato iliyorekodi pia video safi kiasi kwamba mwaka 2010 Wamarekani waliitumia kupiga sehemu nzima ya House, ile tamthilia ya madaktari. Mwaka 2013 DJI ya China ikauza droni ya Phantom, ambayo mtu wa kawaida angeweza kuirusha. Mwaka huohuo Adobe ikaacha kuuza programu zake mpya za kuhariri kwa malipo ya mara moja, ikataka ada ya kila mwezi, kwa dola. Kila badiliko hapo lilifika Shinyanga likiwa deni la mtu.

Wateja nao wapo, tena wa uhakika kwa sura. Mwadui wanachimba almasi tangu 1940. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Mgeni hapewi kofia ya kuingia mgodini kabla hajakalishwa chini aangalie video ya usalama: king'ora kikilia unakwenda wapi, gari kubwa unalipisha kwa umbali gani, vumbi linafanya nini kwenye mapafu. Tangu sheria ya madini irekebishwe mwaka 2017, kampuni za uchimbaji zinatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa kusaidia jamii na kukubaliana na halmashauri, kwa hiyo kuna zahanati za kukabidhiwa, madarasa, visima. Kuna Kili Challenge, ule msafara wa kupanda Kilimanjaro ambao mgodi wa Geita umekuwa ukiuandaa tangu 2002 kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya Ukimwi. Yote hayo yanahitaji mtu mwenye kamera. Na kanuni za mwaka 2018 zinaitaka migodi kuwapa Watanzania nafasi ya kwanza katika huduma kama hizi.

Tatizo ni kalenda ya malipo. Kazi inapigwa wiki hii, inahaririwa usiku na mchana, inakabidhiwa. Ankara inapokewa. Inasubiri saini, kisha mwezi uishe, kisha mwezi mwingine. Inapolipwa, asilimia tano inakatwa kwanza kama kodi ya zuio. Kwa kazi za serikali mlango ni mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, na humo hakuna kujuana kwa sura. Wakati wote huo betri zinahitaji kubadilishwa, kijana wa sauti anataka posho yake, na kama kamera ilinunuliwa kwa mkopo wa kausha damu, marejesho ni kila Jumatatu. Mkopeshaji wa kausha damu hajui ankara ni nini.

Mwanamume huyu wa Shinyanga hakwenda kausha damu. Alikwenda karibu zaidi. Katika kikao kimoja aliambiwa na mteja, “Tutahitaji picha za juu.” Ilikuwa Juni, mpunga umevunwa, mkewe amekusanya mtaji wa kununua magunia. Yeye akaomba fedha ile “kwa wiki tatu tu”, akaongezea akiba yake, akanunua droni. Mtaani waliiita ndege nyuki, watoto wakawa wanamfuata.

Kurusha ndege nyuki uwanjani ni jambo moja, kuirusha juu ya mgodi ni jambo jingine kabisa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga inataka kifaa kisajiliwe na kuwe na kibali, na mgodi wenyewe una watu wa ulinzi ambao hawapendi kitu kinachowaona kutoka juu. Karatasi zilichukua muda. Mteja hakusubiri, kazi ikapewa kampuni ya nje ya mkoa iliyokuwa na vibali mkononi. Droni ikarudishwa kwenye boksi lake, boksi likawekwa kabatini, juu ya nguo za kanisani.

Hapo ndipo hesabu ya mama ilipoonekana. Mpunga ukikaa ghalani kuanzia Juni hadi Januari, kwa kawaida bei yake inapanda, maana mavuno yanazidi kuwa mbali na watu wanaendelea kula. Droni ikikaa kabatini miezi hiyohiyo, bei inashuka, kwa kuwa kiwandani wameshatoa nyingine. Fedha ileile, nyumba ileile, moja inakua kwa kusubiri na nyingine inakonda. Wanaume wengi wa kazi hii huwaona wake zao kama watu wasioelewa teknolojia, na inawezekana hawaielewi. Bei wanaielewa vizuri kupita waume zao.

Januari ilikuwa ngumu. Mtoto wa kwanza alichelewa kwenda shule wiki mbili kwa sababu ya michango, na kwa mama ambaye kila mwaka ndiye aliyelipa michango hiyo kwa mpunga, hizo wiki mbili hazikuwa ndogo. Hakugomba. Majirani walidhani wana amani. Yeye alinunua daftari la kaunta, akaomba aonyeshwe kila kifaa cha ofisini, akaandika: kimenunuliwa lini, kwa bei gani, mwezi huu kimetoka nje siku ngapi. Mumewe alicheka kwanza.

Baada ya miezi minne daftari lilisema mambo ambayo fundi hakuyajua. Maiki ndogo za kubana kwenye kola, kitu cha bei ya chini kuliko vyote, zilitoka karibu kila kazi. Taa mbili zilifuata. Stendi nzuri ilishalipa gharama yake mara nyingi. Kamera ya zamani, ile iliyotangazwa kuwa imekufa, ilikuwa bado inaingiza fedha kwa sababu wateja wengi video zao huishia kuangaliwa kwenye simu. Droni ilitoka siku mbili.

Wakaiuza, kwa hasara. Siku hizi kazi ikitaka picha za juu, wanakodi rubani mwenye vibali vyake kwa siku, na gharama hiyo inaingizwa kwenye ankara ya mteja. Picha ni zilezile. Vumbi la barabara ya Kakola likiingia kwenye mota, ni mota ya mwenyewe.

Kuna gharama nyingine ambayo daftari halikuandika mwanzoni. Kuhariri ni kazi ya usiku, maana mchana umeme unaringa na simu hazikomi. Mwanamume huyu alikuwa anakaa kwenye kiti hadi saa tisa usiku, soda kubwa pembeni, mgongo umepinda. Alipimwa presha kwa bahati tu, siku ambayo walikuwa wanarekodi shughuli ya upimaji wa bure na muuguzi akamwambia na yeye akae. Ilikuwa juu. Akapelekwa kituo cha afya na sasa yuko kwenye dawa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo kubwa kwa asilimia 17. Mtu aliyejiajiri hahesabu saa zake, ndiyo sababu huzipita bila kujua. Mke akaongeza safu kwenye daftari: saa ya kuzima kompyuta. Macho nayo yana dawa yake isiyouzwa, kila dakika 20 kuangalia kitu kilicho mbali kama mita sita kwa sekunde 20. Kwao kitu hicho ni mwembe wa jirani.

Na teknolojia haikuwasubiri wapange mambo yao. Februari 2024 kampuni ya OpenAI ilionyesha Sora, akili mnemba inayotengeneza video kwa maneno tu, na haukupita muda mteja akauliza kwa nini alipe watu watatu na gari. Ni swali la haki. Jibu walilompa lilikuwa la mgodini: mashine inaweza kuchora mgodi mzuri, lakini mfanyakazi mpya anatakiwa aone geti lile, king'ora kile, na mahali pale pa kukusanyika atakapokimbilia kesho. Sauti ya mashine wamewahi kuijaribu. Mtu wa Nyang'hwale akisikia jina la kwao linavyosomwa anajua papo hapo kwamba msomaji hajawahi kufika. Kwa kuandika maneno ya chini ya picha, hata hivyo, akili mnemba inawapunguzia usiku mzima, na hiyo wanaitumia bila aibu.

Aliyeijua kwanza ni binti yao, aliyekuwa nyumbani akisubiri matokeo ya kidato cha nne. Ndiye pia aliyejifunza kuhariri kwa DaVinci Resolve, programu yenye toleo la bure, kwa kuangalia masomo ya YouTube, na ile ada ya dola ya kila mwezi ikakoma. Baba alichukua muda kukubali kufundishwa na mtoto wake.

Kazi ya mama kwenye eneo la kurekodia imekuwa ni ridhaa. Mkono wa kampuni unapokabidhi kitanda cha kujifungulia, mpiga picha huelekea kwa mzazi aliyelala na kichanga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Yeye humwendea mzazi kabla ya kamera kuwashwa, anamweleza kwa Kisukuma video itakwenda wapi na nani ataiona. Wengine hukataa, na kamera inageuzwa upande wa kitanda kitupu. Mteja mmoja alinung'unika, lakini mwaka uliofuata aliwaita tena.

Buzwagi ilipofungwa mwaka 2021, wapo wa Kahama waliobaki na kamera za bei kubwa na mteja mmoja aliyekwisha ondoka. Kwa hiyo sasa, reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka inapojengwa na kila mwenye kamera anaiota, hawa wa Shinyanga wanaikimbilia taratibu. Jina la mke limeingizwa kwenye karatasi za BRELA, na hundi haitoki bila saini yake. Mwaka huu mteja mmoja ameulizia 8K. Bei yake imeandikwa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, na pembeni yake bei ya gunia la mpunga ya wiki hiyo.