Diski ya Kompyuta: Kasi Ipi Inatutosha?

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kukuta habari za diski ya kompyuta katika kurasa hizi za jamii. Lakini kitu kinachobeba picha za arusi, hesabu za kikundi cha akina mama na sauti ya mzee aliyekwisha kututoka ni mali ya nyumba, kama lilivyo ghala la mahindi, na haifai kuachiwa vijana peke yao.

Nyumbani kwetu hapa Songea shauri hili lilitushughulisha mwezi mzima. Kijana wetu wa kwanza anaunga kompyuta ya mezani kwa vipande alivyovikusanya kimoja kimoja, akitarajia kujipatia riziki kwa kuhariri video za arusi. Yeye alitaka diski yenye kasi kuliko zote. Baba yake alipendelea ile ya zamani, kwa kuwa bei yake ni nafuu na nafasi yake ni kubwa. Nami nilikuwa na hoja yangu: humo ndimo zitakamohifadhiwa simulizi za marehemu baba mkwe, alizozisema kwa Kingoni, nasi tukazinakili kutoka kaseti ambazo sasa zimekwisha kuharibika.

Hebu tuzitazame diski zenyewe. Ile ya zamani ina sahani zinazozunguka, aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono unaotembea juu yake mfano wa sindano ya santuri. Kila faili linapotakiwa, mkono huo hauna budi kusafiri kulifuata. Diski mpya, ambayo mafundi huiita SSD, haina kinachozunguka. Huhifadhi habari kwa chaji ya umeme ndani ya silikoni, utaalamu ulioasisiwa na Mjapani Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba miaka ya 1980.

Diski ya kuzunguka husoma kiasi cha megabaiti 150 hadi 200 kwa sekunde. SSD ya waya wa SATA hufikia 550 hivi. SSD aina ya NVMe, iliyo kibao chembamba cha kuchomekwa, hufikia 3,500 katika kizazi cha tatu, 7,000 katika cha nne, na cha tano hupita 10,000. Tarakimu hizo ndizo zilizomlevya kijana wetu.

Hata hivyo, tarakimu hizo hupimwa kwa faili moja kubwa linalosomwa mfululizo. Kazi za nyumbani aghalabu ni mafaili madogo madogo, yaliyotawanyika huku na huku. Kwa hiyo, ukitoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote iliyo nzuri, hata bibi asiyejua kusoma ataiona tofauti mashine inapowashwa. Ukitoka SATA kwenda NVMe, utaiona mara chache. Zaidi ya hapo, utaiona hasa katika karatasi ya bei. Hata video ya simu yenye ubora mkubwa haihitaji kwa kawaida zaidi ya megabaiti chache au kumi na kitu kwa sekunde ili ichezwe.

Tena, ubao mkuu wa kompyuta ya kijana wetu una tundu la kizazi cha tatu. Diski ya kizazi cha nne ingefanya kazi humo, lakini kwa mwendo wa tundu, nayo fedha ya ziada ingekuwa imelala bure. Yafaa pia kuuliza mapema, kwani yako matundu yanayopokea SATA tu, na mengine NVMe tu, ingawa kwa macho yanafanana.

Yako mambo mawili ambayo muuzaji hayatangazi sana. La kwanza ni idadi ya biti katika kila chembe: aina ya TLC huweka tatu, QLC huweka nne. QLC ni rahisi, lakini aghalabu hupunguza mwendo sana ukinakili mafaili mengi kwa mkupuo, na uhai wake wa kuandikwa ni mfupi. La pili ni uhai wenyewe. Diski nyingi nzuri za TLC za gigabaiti 500 huahidiwa kuandikwa terabaiti 300. Familia ikiandika gigabaiti 20 kila siku, itachukua miaka 40 na ushei kuzimaliza.

Basi hatari iko wapi? Iko katika umeme. Tangu Songea iunganishwe na gridi ya Taifa mwaka 2018, tumepumua ukilinganisha na enzi za jenereta. Lakini mvua za radi zikianza, kukatika hakukosekani. SSD nyingi za nyumbani hazina akiba ya kumalizia kuandika umeme ukizimika ghafla. Aidha, diski ya kuzunguka mara nyingi hulalama kwa mlio kabla ya kufa, ilhali SSD yaweza kuzima siku moja pasipo kuaga.

Kwa hiyo tulikata shauri hivi: NVMe ya TLC, kizazi cha tatu, gigabaiti 500, yenye dhamana ya miaka mitano. Fedha iliyobaki ilinunua betri ya akiba, ile iitwayo UPS, pamoja na diski ya kuzunguka ya kuwekea nakala ya pili. Nakala ya tatu ya simulizi za mzee tumempa shemeji aliyeko Mbinga. Diski ilipofika kwa basi kutoka Kariakoo, kijana aliijaza mafaili mpaka pomoni na kuyasoma tena, maana ziko diski bandia zinazodai nafasi zisizokuwa nayo, na kurudisha mzigo Dar es Salaam ni safari ya siku nzima.

Nawe, ndugu msomaji, kabla hujamuuliza muuzaji diski ipi ina kasi zaidi, keti na jamaa zako muulizane: mna kitu gani ambacho kikipotea hakinunuliki tena, na nakala yake ya pili iko wapi?