Tafakari ya Juma: Aliyetumwa Akakuta Ghala Limefungwa



Kwa miezi mitano sasa, kila Dominika ya tatu baada ya Misa ya pili, tumekuwa tukiketi katika ukumbi wa parokia pamoja na wanafunzi wa vyuo vikuu waishio katika eneo letu na wahitimu wa miaka mbalimbali. Hatukuita semina. Hapana mgeni rasmi wala mada iliyoandikwa ubaoni. Kuna chai, maandazi na viti vilivyopangwa duara. Tulitaka tu waliotangulia wawasimulie wanaofuata jinsi maisha yalivyowapokea baada ya joho kurudishwa. Tafakari yetu ya juma hili imetokana na tuliyoyasikia humo, nasi tunayaandika kwa ruhusa ya wenyewe, bila kutaja majina.

Mnajua jinsi Mwanza yetu ilivyobadilika. Chuo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa Nyegezi mwaka 1960 na Askofu Joseph Blomjous kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Bugando nako pana chuo kikuu cha sayansi za afya. Kwa hiyo katika Misa zetu hakosekani mwanafunzi, na hakosekani mhitimu. Mwanafunzi tunamwona kwaya na katika vikundi vya vijana. Mhitimu mara nyingi hatumwoni, kwa maana huketi benchi la nyuma na kuondoka kabla ya matangazo.

Mkutano wa kwanza ulifunguliwa na mzee wetu mmoja, mstaafu wa utumishi wa serikali, aliyehitimu Mlimani katika miaka ya 1970. Alitukumbusha kwamba chuo kile kilipoanza Oktoba 1961, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na kitivo kimoja tu cha Sheria na wanafunzi wasiozidi 15. Nchi ilikuwa na kiu ya wasomi. Yeye mwenyewe alipomaliza, barua ya kupangiwa kazi ilimfikia kabla hajafungasha mizigo yake. Akapanda basi kwenda Sumbawanga, akakuta meza na kiti vinamngoja.

Kisha mzee akarejea mfano ambao Mwalimu Nyerere alipenda kuutumia kuhusu wasomi. Ni mfano wa kijiji chenye njaa kinachokusanya chakula chake chote kilichobaki na kumpa mtu mmoja, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akila chakula kile asirudi na msaada, huyo ni msaliti. Mwalimu hakuwa akitania katika jambo hilo. Oktoba 1966 aliwarudisha makwao wanafunzi wapatao 400 walioandamana kupinga masharti ya kulitumikia taifa, naye akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Mzee alimalizia kwa kuwaambia vijana: “Someni, mrudi na mzigo. Kijiji kinawangoja.”

Tulidhani mfano huo ungetosha kufunga mazungumzo ya siku ile. Ndipo kijana mmoja, aliyehitimu mwaka 2019 masomo ya ununuzi na ugavi, akanyosha mkono. Siku hizi anauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Alisimama, akamwamkia mzee, akasema:

“Shikamoo babu. Mimi ni yule aliyetumwa. Chakula cha kijiji nilikula, maana baba aliuza ng'ombe wanne. Njia niliipita yote, sikulala wala sikupotea. Nilipofika huko mbali nikakuta ghala limefungwa. Naomba uniambie, babu: mimi nami ni msaliti?”

Ukumbi ulinyamaza. Mzee hakumjibu siku ile, na tunamheshimu kwa hilo. Sisi nasi hatukumjibu, maana swali lilikuwa zito kuliko jibu lolote la haraka.

Baada ya wengine kuondoka, kijana alibaki akatueleza mengine. Kwa miaka miwili alimwambia mama yake kwa simu kwamba ameajiriwa katika ofisi moja jijini Dar es Salaam, na huku alikuwa Igoma, katika chumba cha rafiki yake. Kila alipopata faida kidogo aliituma nyumbani akiiita mshahara. Tulipomwuliza kwa nini aliacha kuhudhuria Jumuiya Ndogo Ndogo, alituambia jambo lililotuchoma. Kila juma, wakati wa maombi, ndugu mmoja mwenye upendo mwingi alikuwa akisema: “Tumwombee kijana wetu apate kazi.” Wote wakaitikia. Ombi lilikuwa jema na moyo wa mwombaji ulikuwa safi. Lakini kijana yule, aliyeamka saa tisa usiku kwenda kupokea magunia ya dagaa, alisikia kila juma mbele ya majirani zake tangazo kwamba hana kazi.

Wapendwa, msidhani kwamba waliokuta ghala wazi hawana ya kusema. Muuguzi mmoja, binti wa parokia hii, alitueleza jinsi alivyolia kwa furaha alipoona jina lake katika orodha ya waajiriwa wapya. Hakujua kwamba watu wangapi walikuwa tayari wamekwisha kuugawa mshahara huo. Yeye alisoma kwa mkopo wa serikali, na mnajua kwamba mwaka 2016 sheria ilipandisha makato ya marejesho kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Analipa bila kunung'unika, kwa kuwa fedha ile itamsomesha mwingine. Kinachobaki kinagawanywa kati ya pango, ada za wadogo zake wawili na dawa za bibi. “Padre,” alisema, “watu huniambia nimefika. Mimi mwenyewe sijui ni wapi huko nilikofika, na ninaona aibu kusema nimechoka, maana wenzangu hawana kazi kabisa.” Hivyo aliyekosa hunyamaza kwa aibu, na aliyepata hunyamaza kwa aibu. Mwanafunzi aketiye kati yao hana wa kumwambia ukweli.

Tulimsikia pia kijana fundi wa ujenzi, mwenye shahada, aliyefanya kazi kwa mkataba katika Daraja la Kigongo–Busisi. Daraja lile la kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025, sote tulifurahi kuagana na foleni za kivuko. Yeye alifurahi pamoja nasi, lakini mradi ulipokwisha na mkataba wake ulikuwa umekwisha. Leo anajenga nyumba za watu pamoja na waashi wawili ambao hawakufika kidato cha nne. Anasema yeye huwapigia hesabu za nondo na zege, nao humfundisha kumsikiliza mwenye nyumba na kumaliza kazi kwa siku aliyoahidi.

Tukiyatafakari haya yote, moyo wetu unakwenda kwenye mfano wa mwenye shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo, sura ya 20. Jioni inakaribia, naye anatoka tena kwenda sokoni na kuwakuta watu wamesimama. Anawauliza kwa nini wamekaa bila kazi mchana kutwa. Wanamjibu kwamba hapana mtu aliyewaajiri. Tuangalie mwenye shamba anavyolipokea jibu hilo. Hawaambii kwamba hawakujituma, wala hawalinganishi na waliopata kazi alfajiri. Anawaamini, anawapa kazi, na saa ya malipo anawahesabu sawa na wengine. Tena tusisahau kwamba watu wale hawakurudi nyumbani saa sita. Walibaki sokoni hadi jua linakuchwa, na kubaki huko nako ni kazi ngumu.

Mkutano wa pili mzee wetu alirudi, na kabla ya chai alimwita kijana wa dagaa. “Mjukuu wangu,” alimwambia, “nimekaa na swali lako mwezi mzima. Mimi kazi nililetewa ndani ya bahasha. Msaliti ni yule aliyekuta ghala wazi akala peke yake. Wewe umekuta limefungwa, nawe bado una mikono.” Akaongeza kwamba, kwa kuwa alitumia maisha yake katika hesabu za serikali, yuko tayari kuwafundisha kutunza vitabu vya biashara. Sasa kila Jumamosi jioni anaketi na vijana wanne, na daftari la kwanza walilolifungua ni la dagaa.

Kijana naye alisafiri kwenda kwa mama yake kumweleza ukweli. Aliogopa hasira yake. Mama hakukasirika kwa ajili ya kazi. Alimwuliza jambo moja tu: “Kwa nini uliniacha nimshukuru Mungu miaka miwili kwa kitu usichokuwa nacho, wakati nilikuwa na sababu ya kumshukuru kwa ulichokuwa nacho?”

Kwa hiyo, wapendwa, tunaomba mambo matatu kwa juma hili.

Kwanza, katika jumuiya zetu tusiache kuwaombea vijana, ila kabla ya kumtaja mtu tumwulize mwenyewe angependa tumwombee nini. Huenda atasema mtaji, au afya, au wateja. Anayeamka saa tisa usiku kutafuta riziki yake anayo kazi, nasi tuiite kwa jina hilo.

Pili, ninyi wahitimu mlio kazini, msiwasimulie wadogo zenu mwanzo na mwisho tu. Wasimulieni ile miaka ya katikati, mlipokuwa mnatembea na bahasha ya vyeti kwapani na viatu vimeisha kisigino. Mwanafunzi anayejua kwamba nanyi mlisubiri hatadhani kwamba kusubiri kwake ni laana.

Tatu, ninyi wazazi mliouza ng'ombe na viwanja, dhabihu yenu ni kubwa mbele za Mungu, nasi hatuidharau. Lakini mtoto si deni linalosubiri kulipwa. Mpokeeni hata akirudi na mzigo mdogo, mumwulize aliyojifunza njiani.

Mkutano wetu ujao ni Dominika ya tatu kama kawaida. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili ametuachia swali la kuanzia: “Nitajuaje kwamba nimefanikiwa?” Tunawaalika wenye jibu, na zaidi wasio nalo. Wenye benchi la nyuma, tunawaomba msiondoke kabla ya matangazo, chai itakuwapo.

Tunawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.