Popote Alipo

Kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini na mitano sala yangu ya asubuhi imekuwa na tatizo la sarufi. Nilianza kufundisha Kiswahili mwaka 1972, kwanza katika shule za msingi, baadaye katika vyuo vya ualimu, hata nikastaafu mwaka 2010 nikiwa mkuu wa chuo. Kwa hiyo msomaji asishangae nikianza habari ya maombi kwa kuzungumzia njeo za vitenzi. Ninamwombea mdogo wangu. Je, niseme, “Bwana, mlinde anapotembea,” kana kwamba yu hai? Au nishukuru kwa siku alizoishi, kana kwamba zimekwisha? Au nisimtaje kabisa, kwa kuwa Kanisa langu la Kilutheri halina desturi ya kuwaombea waliokwisha kufa? Sijui nitumie kitenzi gani, maana sijui alipo.

Alikuwa kitinda mimba wetu, mimi nikiwa wa kwanza. Kwetu ni Upare milimani. Mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, aliondoka kwenda Mererani kuchimba tanzanaiti, kama vijana wengi walivyofanya. Alikuwa akileta habari. Krismasi ya mwaka 1997 alituma barua kwa mkono wa kijana wa kijiji jirani, na ndani yake mlikuwa na fedha za mama kununua khanga na kandambili. Mwaka ule mvua za El Niño zilikuwa zimeanza kunyesha na hazikukoma mapema. Mwezi wa Aprili 1998 maji yaliingia mashimoni kule Mererani, wachimbaji wengi wakafa humo, na baadhi yao hawakupatikana hata mifupa.

Likizo ya Juni nilikwenda mwenyewe. Kule mtu haitwi kwa jina alilobatizwa. Wanaapolo, ndivyo wanavyojiita wachimbaji, wanajuana kwa majina ya utani, nami jina la utani la mdogo wangu sikulijua. Nilizunguka siku nne na picha yake ya pasi, iliyopigwa alipomaliza darasa la saba, nikiwaonyesha watu uso wa mtoto na kuwaomba waukumbuke uso wa mtu mzima. Mmoja alisema alimwona akishuka shimoni siku mbili kabla ya mafuriko. Mwingine alisema hapana, yule alikwisha ondoka mapema mwaka ule na wenzake kuelekea Kenya. Wote wawili walikuwa watu wenye akili zao na hawakuwa wamelewa. Nikarudi nyumbani na majibu mawili, nikampa mama yote mawili, kwa maana sikuona haki ya kumchagulia.

Tangu hapo ndipo nilipojifunza kwamba kuomba jambo moja kwa miaka mingi si kuomba mara nyingi jambo lile lile. Mwaka wa kwanza niliomba arudi. Nilikuwa nikiomba kwa nguvu, na nikisikia basi la jioni linakoroma kwenye kona nilinyamaza kidogo nisikilize kama litasimama. Mwaka wa tatu niliomba nijulishwe tu, hata kama habari yenyewe ni ya msiba. Mwaka wa sita au wa saba nilikuwa nikimtaja jina lake katikati ya majina mengine, upesi, kama mwalimu anavyoita orodha ya darasa ambamo mwanafunzi mmoja hajaitikia muda mrefu lakini jina lake bado halijafutwa. Sioni kwamba jambo hili ni baya. Orodha ina kazi yake. Mtu akishafutwa kwenye orodha, hakuna tena wa kuuliza habari zake.

Nimeambiwa mengi na watu wema. Wako walionipa methali, na methali iliyonifikia zaidi ni ile ya mvumilivu kula mbivu. Ni methali nzuri sana kwa mtu mwenye mkungu wa ndizi darini. Ndizi huiva kwa kuwa ndiyo tabia yake, ukiingoja au usipoingoja. Mdogo wangu si ndizi. Wako pia wahubiri, hasa siku hizi, wanaotangaza maombi ya siku 21 na kuwaahidi watu majibu siku ya ishirini na mbili. Wanamtaja nabii Danieli, ambaye kweli aliomboleza majuma matatu. Lakini mtu anayerudi nyumbani siku ya ishirini na mbili bila jibu anaambiwa imani yake ni haba, naye huenda akiwa na mizigo miwili badala ya mmoja. Jambo hili linaniudhi, na katika umri wangu sioni sababu ya kuficha.

Mfano wa mjane na kadhi katika Luka sura ya 18 ndio unaohubiriwa zaidi kuhusu kudumu katika sala, na nadhani husomwa isivyo. Mjane anamwendea kadhi asiyemcha Mungu wala kumjali mtu, anadai haki yake, anarudi tena na tena, mpaka kadhi anampa ili apumzike. Biblia yetu ya Kiswahili inazungumza juu ya kuchoshwa. Neno la Kiyunani lililoko pale lina ukali zaidi: ni neno la masumbwi, la kumpiga mtu chini ya jicho mpaka pavimbe. Paulo analitumia neno hilo hilo anapowaandikia Wakorintho habari ya kuutesa mwili wake. Basi yule kadhi mwenye cheo anaogopa kutiwa alama usoni na mwanamke mjane! Nilipowasimulia wanachuo jambo hili walicheka, na wanachuo wa kike walicheka zaidi.

Lakini Yesu hasemi kwamba Mungu ni kama kadhi yule. Anasema Mungu si kama yeye. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu kadhi mbaya anaeleweka: anachelewa kwa kuwa hajali. Huyu anayejali, kwa nini achelewe? Mfano haujibu. Unaishia kwa swali, Bwana akiuliza kama Mwana wa Adamu atakapokuja ataikuta imani duniani. Nilikuwa nikiudhika na mwisho huo, kama mwalimu anayeona mtihani uliojibiwa kwa swali. Sasa nauona kuwa wa uaminifu. Aliyesimulia mfano ule alijua kwamba wengine wangengoja kupita kiasi cha kawaida.

Mwenzangu mmoja chuoni, Mkatoliki, alinipa habari za Monika, mama yake Augustino, nami nimezisoma mara nyingi tangu siku hiyo. Monika alikuwa Mwafrika wa Kaskazini, wa mji wa Tagaste, ambao leo ni Souk Ahras katika Algeria. Mwanawe alikuwa mwenye akili nyingi na maisha ya ovyo, tena alijiunga na madhehebu ya Mani. Mama alimwombea kwa machozi miaka mingi. Mwaka 383 kijana alitaka kuvuka bahari kwenda Roma. Monika alimfuata mpaka pwani kule Karthago, akimsihi asiende au amchukue waende wote. Augustino akamdanganya kwamba anamsindikiza tu rafiki anayengoja upepo. Usiku ule mama alikesha akiomba katika kanisa dogo la ukumbusho wa Mtakatifu Sipriani, akiomba Mungu amzuie mwanawe asisafiri. Alfajiri chombo kilikuwa kimekwisha tweka.

Fikiri, ndugu msomaji, mama yule asubuhi ile ufukweni. Ombi la usiku mzima lilikataliwa mbele ya macho yake. Augustino mwenyewe, alipoandika kitabu chake cha Maungamo, alisema kwamba Mungu alimnyima mama yake alichoomba usiku ule ili ampe kile alichokuwa akiomba siku zote. Maana ni kule Italia, katika mji wa Milano, alikokutana na Askofu Ambrosi, na Ambrosi akambatiza Pasaka ya mwaka 387. Monika alikuwepo. Alikufa mwaka ule ule kwenye bandari ya Ostia, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake.

Nilimsomea mama yangu habari hizi jioni moja. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Yeye alimwona.” Kisha akaendelea kuchambua maharage yake.

Naam, yeye alimwona. Sitaki kumtumia Monika kama karatasi ya majibu. Wako walioomba kama yeye na wasione. Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Kiingereza, alifika pwani ya Mombasa mwaka 1846 na kukaa Rabai na jirani zake miaka 29, pasipo kwenda kwao hata mara moja. Wengi wanamjua kwa kuwa mwaka 1848 aliuona Mlima Kilimanjaro na kuandika kwamba una theluji, jambo lililofanya wasomi wa Ulaya wamcheke. Wachache wanajua kwamba watu waliobatizwa katika miaka yake yote walikuwa wachache mno. Mwaka 1875 alirudi kwao akiwa karibu kipofu, na mwaka uliofuata akafa. Leo Rabai na nchi nzima ile ina makanisa. Yeye hakuyaona, wala mwandishi wa Waebrania sura ya 11 hafichi kwamba wengi wa namna hii walikufa kabla ya kupokea.

Kwetu Upare tuna kitu kinachoitwa ndiva. Ni bwawa dogo la udongo na mawe, lililojengwa na wazee juu ya mashamba. Vijito vyetu ni vyembamba. Ukiyaachia maji yatiririke moja kwa moja, yanakunywewa na mfereji njiani na hayafiki kwenye mahindi. Kwa hiyo jioni huziba mlango wa ndiva, usiku kucha maji hujikusanya, na asubuhi mwenye zamu hufungua na maji hushuka kwa nguvu. Nilipokuwa mtoto nilitumwa kuziba ndiva wakati wa magharibi, na nilishangaa jinsi maji yalivyokuwa kidogo yakiingia, kama mtu anayemimina kwa kikombe. Nimewahi kuhubiri kwa mfano huo, na watu waliupenda. Lakini mfano una mwisho wake. Mwenye ndiva anajua kwamba kutakucha saa kumi na mbili. Mwombaji hakuambiwa saa.

Mwaka 2003 wazee wa ukoo walikuja nyumbani. Walitaka ifanyike matanga, jambo liishe, na sehemu ya shamba ya mdogo wangu igawiwe. Hawakuwa watu wabaya; miaka mitano ilikuwa imepita na watoto wa ukoo walikuwa wanaongezeka. Baba mkubwa alisema kwa upole sana. Mama alimsikiliza, akajibu, “Shemeji, sijaambiwa.” Hakusema kwamba mwanawe yu hai wala kwamba amekufa. Alisema hajaambiwa, na wote walielewa ni nani aliyetakiwa kumwambia. Wakanywa chai wakaondoka.

Ilikuwa baada ya siku hiyo nilipoanza kuisikiliza sala yake. Alikuwa akisali kwa sauti, kwa Kipare, jioni, mlango ukiwa wazi. Miaka ya kwanza alikuwa akiomba mwanawe arudishwe, kama mimi. Lakini sasa nilimsikia akifika kwenye jina lake na kusema maneno machache tu: popote alipo, uwe naye. Kisha anapita kwenye jina linalofuata. Mimi mwalimu wa lugha nilikaa kizani nikiyapima maneno yale. Hayasemi kama mtu anatembea au amelala. Yanafaa njiani Kenya na yanafaa chini ya udongo wa Mererani. Hata mchungaji wangu asingeweza kuyakosoa, wala padri wa mwenzangu. Mwanamke aliyesoma miaka minne tu alikuwa ametatua sarufi iliyonishinda, na sidhani kama aliitatua kwa kufikiri. Ilichongwa na miaka ya kusema jambo lile lile kila jioni, mpaka yale yasiyoweza kubaki yakaanguka.

Alikufa mwaka 2009. Siku zake za mwisho alitaja majina yetu wote, la kitinda mimba nalo katika zamu yake.

Nimechukua maneno yake. Hata hivyo sijafika alipofika. Yeye aliacha kudai, mimi bado nadai. Alfajiri, saa kumi na moja, nikishasema popote alipo uwe naye, huongeza langu: nataka kujua. Nasema hivyo waziwazi, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenye nyumba aliyemzoea. Yako masiku ninasema kwa hasira. Sijaona kwamba nimefukuzwa kwa sababu hiyo. Kinyume chake, sala za hasira ndizo ambazo sisinzii katikati yake.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alikuja kuniomba sehemu ile ya shamba, maana ana familia na ardhi ni kidogo, naye amesubiri kwa adabu. Nilikwenda naye tukaipima kwa hatua. Nikamwambia alime, apande mahindi na maharage, na mavuno yawe yake yote. Migomba na kahawa asipande bado.