Maua Mafupi Mbele ya Nyumba

Mke wa askari hupanda maua katika ardhi isiyo yake. Huenda uhamisho ukaja kabla mche haujafika gotini, na nyumba ya serikali ikapewa jamaa nyingine. Ndiyo sababu wengi wetu hapa Busia na Tororo huridhika kufagia kiwanja kitupu. Lakini kiwanja kitupu kina hasara zake: mvua ya Aprili hukichukulia udongo wa juu, na jua la Januari hukigeuza vumbi liingialo hata katika chakula.

Kwa hiyo naona ua la mbele ya nyumba zetu lipimwe kwa maswali mawili. Je, litadai ndoo ngapi za maji katika kiangazi cha Desemba hadi Februari? Na je, tutakapohama, litaendelea kuchanua kwa ajili ya wanaokuja?

Yapo maua mawili yanayojibu vyema. La kwanza ni potulaka, lenye asili ya Amerika ya Kusini. Haliinuki zaidi ya shubiri moja. Hutambaa na kuufunika udongo, na majani yake manene huweka akiba ya maji. Hufumbuka jua likiwa kali, na jioni hujifumba. Adui yake ni maji yaliyotuama, basi tuta liinuliwe kidogo. Samadi isizidi, kwani ikizidi huleta majani badala ya maua.

La pili ni vinka, jeupe au la waridi, lililotoka Madagaska. Huchanua karibu mwaka mzima na kujipanda lenyewe kwa mbegu. Katika mmea huo hupatikana vinkristini, dawa inayotumiwa hospitalini kutibu saratani ya damu ya watoto. Hata hivyo, mmea wenyewe una sumu: majani yake yasichemshwe nyumbani, wala mtoto asiachwe ayatafune.

Lantana siishauri, ingawa hustahimili ukame. Ndege hula matunda yake na kuzipeleka mbegu mashambani, zikaota vichaka, na majani yake huwadhuru ng'ombe.

Wakati wa kupanda ni mwanzo wa mvua za Machi. Kipande cha potulaka chenye urefu wa kidole hushika upesi. Kitilie maji kidogo jioni hadi kitoe majani mapya. Mbegu na vipandikizi, waombeni majirani wa upande wenu wa mpaka. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa mwaka 2018, kimerahisisha safari, lakini hakikufuta sheria: mmea hauvuki bila kibali na cheti cha afya ya mimea. Jamaa za walinzi wa sheria hatufai kuivunja kwa ajili ya tawi moja.

Na siku ya kuhama ikifika, kateni vipande vichache mwende navyo, tuta mwaachie wageni. Huenda huko muendako mkakuta nanyi mmeachiwa.